Biti imegeuka buluu na kigae hakijatoboka: nifanyeje?

Swali la msomaji: Nimemaliza kubandika vigae vya poseleni bafuni na sasa nataka kufunga reli ya taulo na rafu ndogo ya kioo. Yanahitajika matundu sita ya plagi za plastiki za kushikia skrubu, za mm 8. Nilianza na biti mpya ya zege. Baada ya kama dakika kumi nimepata kialama cheupe tu, ncha ya biti imegeuka buluu na inanuka. Jirani ananiambia niwashe nyundo ya drili nimalize kazi. Nyumba niliyohama nilitoboa vigae kwa biti kama hiyohiyo bila shida. Tena kuna kigae kimoja hakijabandikwa, nacho kinataka tundu la mm 35 kwa ajili ya bomba. Nifanyeje nisije nikavipasua?

Jibu: Nyundo usiiwashe. Makosa mengine mengi utakayofanya kwenye kazi hii yana namna ya kurekebishwa, lakini kigae cha poseleni kikishapata ufa hakina dawa ila kukivunja na kubandika kingine, na kung'oa kigae kimoja katikati ya ukuta bila kuumiza vilivyo pembeni ni kazi ngumu kuliko kutoboa matundu yote sita.

Biti yako haikuwa mbovu, ilipewa kazi isiyo yake. Biti ya zege ina kipande kidogo cha kabidi ya tangasteni kwenye ncha, na kipande hicho kwa ugumu hakina shida na kigae. Shida ni umbo lake. Ncha ni butu na pana kama patasi kwa sababu imeundwa kuponda: drili inapiga, ncha inaponda zege kuwa unga, mifereji ya biti inautoa unga nje. Ukizima nyundo, ncha ile haipondi tena na wala haikati, inasugua tu. Kusugua kunazaa joto, na chuma kikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi huvaa ile rangi ya buluu uliyoiona. Hapo chuma kinachoishika ncha kimeshalegea. Biti hiyo weka kando, hata kwenye zege haitakufaa sana tena.

Vigae vya nyumba uliyohama bila shaka vilikuwa vya kauri ya kawaida ya ukutani. Hivyo vina mwili laini wenye vinyweleo vingi na juu yake utando mwembamba kama kioo. Ukishauvuka utando, ndani ni kama tofali. Poseleni ni kitu kingine. Ni udongo mweupe wa kaolini pamoja na madini ya feldispa na kwatzi, vilivyosagwa laini, vikagandamizwa kwa nguvu kubwa na kuchomwa kwenye nyuzi 1,200 hivi mpaka feldispa ikayeyuka na kuziba vinyweleo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 kinaiweka poseleni kwenye kundi la vigae visivyonywa maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati kauri laini ya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Kama una kipande kilichobaki, kigeuze mgongo juu na udondoshee tone la maji. Kwenye kauri ya kawaida tone linanyonywa ukiwa unaangalia. Kwenye poseleni linakaa palepale, limejiviringa, mpaka ulifute.

Kitu kisicho na vinyweleo hakina mahali pa kupokea pigo. Nguvu ya nyundo inasafiri kwenye kigae kizima ikitafuta sehemu dhaifu, ambayo kwa kawaida ni ukingo au mahali ambapo gundi haikushika vizuri nyuma. Ndiyo maana ufa mara nyingi hautokei kwenye tundu lenyewe, unatokea kwenye kona.

Biti ya kununua

Poseleni inasagwa, na cha kuisagia ni almasi. Utakuta dukani biti zenye ncha ya mkuki, zile za kutobolea kioo na vigae. Kwa kauri ya kawaida ni nzuri sana, na baadhi ya zile zenye kabidi bora huweza kuitoboa poseleni nyembamba, lakini huchoka haraka na ikichoka tu utaanza kuisukuma, na kusukuma ndiko kunakopasua. Achana nazo kwa vigae hivi.

Unayoitaka ni biti ya bomba ya almasi: mrija mfupi wa chuma, ulio wazi ndani, uliopakwa chembe za almasi mdomoni. Haisagi eneo lote la tundu, inasaga duara jembamba tu, na katikati kinabaki kipande cha mviringo kama kidonge. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza, ya bei nafuu, almasi zake zimeshikizwa kwa nikeli katika tabaka moja. Hiyo lazima itumike na maji, kila sekunde ya kazi. Ya pili, almasi zake zimechomelewa katika tanuru lisilo na hewa, chembe ni kubwa na zimeshikwa imara zaidi. Inavumilia joto na nyingine huuzwa zikiwa na nta ndani ya kupoozea, kwa kazi kavu. Nyingi za aina hii zina uzi wa skrubu wa M14, yaani wa kipenyo cha mm 14, wa kufungwa kwenye grinda.

Grinda inatoboa kwa sekunde chache, na video zake zinapendeza. Lakini huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, ukiteleza inachora kigae hadi ukingoni, na vumbi linalotoka lina silika, ambayo haifai kabisa kuingia mapafuni. Kwa mtu anayetoboa ukutani kwa mara ya kwanza, chukua biti ya maji na drili ya betri. Nunua biti mbili za kipimo kimoja. Zile za tabaka moja zikiisha makali zinaisha ghafla, na utakuwa tundu la nne au la tano, duka limefungwa.

Kipimo chake je? Plagi yako ni mm 8, ila biti ya almasi nunua ya mm 10. Sababu nitaieleza tukifika kwenye ukuta. Pima kwanza kitako cha reli na cha rafu uone kama kinafunika tundu la mm 10 pande zote. Vingi vinafunika bila shida.

Mahali pa kutoboa

Gonga kigae kwa mpini wa bisibisi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Palipo na gundi nyuma panatoa mlio mfupi, mzito. Palipo wazi panalia kama mtungi mtupu. Usitoboe penye mlio wa mtungi, sogeza reli sentimita chache ukiweza. Kigae ambacho nyuma yake hakuna kitu kinajikunja kidogo ukikigandamiza, na poseleni haijui kujikunja.

Kaa angalau mm 25 kutoka ukingoni, na mbali zaidi na kona. Wapo watakaokwambia utoboe kwenye mstari wa grauti, ule ujazo ulio kati ya kigae na kigae, ili kigae kisiguswe. Ushauri huo una maana pale mstari unapokuwa mpana kuliko biti. Mistari ya siku hizi ni mm 2 au 3, biti ni mm 10, kwa hiyo utakuwa unang'ata kingo za vigae viwili kwa pamoja, na ukingo ndio sehemu inayomeguka kirahisi kuliko zote.

Mabomba na nyaya kwa kawaida hupanda na kushuka wima au huenda mlalo kutoka kwenye bomba la maji, shawa, soketi na swichi. Usitoboe moja kwa moja juu, chini wala usawa wa vitu hivyo bila kuhakikisha. Kama ulipiga picha ukuta kabla haujafunikwa, huu ndio wakati wa kuitafuta. Kifaa cha kutambua chuma na umeme husaidia, ila mabomba ya plastiki mengi hakiyaoni.

Weka alama baada ya kuhakikisha kwa pimamaji kwamba matundu ya reli yako usawa mmoja. Alama isiwe nukta. Chora msalaba wenye mikono ya sentimita tatu kila upande, juu ya tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Nukta itapotea kwenye tope la sekunde ya kumi, lakini mikono ya msalaba utaendelea kuiona pembeni. Tepu kazi yake ni hiyo tu ya kubeba alama. Haizuii ufa, ingawa watu wengi wanaamini hivyo, na palepale penye tundu ni afadhali uitoboe au uikate, maana karatasi iliyolowa huziba mdomo wa biti. Na usigonge kigae kwa msumari ili biti ipate pa kushika. Kwenye poseleni kile kidoti kinakuwa nyota ya nyufa.

Sekunde thelathini za mwanzo

Biti ya bomba haina ncha katikati. Ukiiweka wima kwenye kigae kinachong'aa na kubonyeza, itakimbia, na mkwaruzo itakaouacha hautoki maisha. Ziko njia mbili za kuituliza.

Ya kwanza ni kipande cha plaiwudi cha unene wa mm 6 hadi 9, ukubwa wa kiganja au zaidi, ukitoboe tundu la mm 10 kwa biti ya mbao. Kibane ukutani kwa mkono au kwa tepu ya gundi pande mbili, tundu la plaiwudi likiwa katikati ya msalaba. Toboa kupitia humo mpaka biti ichore mfereji wa milimita moja au mbili, kisha toa plaiwudi na uendelee bila hiyo, ili maji yafike vizuri.

Ya pili ni mkono mtupu. Lowesha kigae. Lalisha drili ili biti iguse kigae kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kwa mdomo wa upande mmoja tu. Anza polepole. Utasikia mlio mkali wa kukwaruza, kisha utaona alama ya mwezi mwandamo inachongeka. Mwezi huo ukishakuwa na kina cha kushika ukucha, inua drili taratibu huku inazunguka, na mwezi utafunga kuwa duara. Mlio nao unabadilika, ule ukali unageuka mvumo wa chini unaotulia. Ukisikia mvumo huo umeshika. Jaribu mara mbili tatu kwenye kipande kilichobaki kabla ya kugusa ukuta, kwa sababu mkono unahitaji kuijua pembe ile.

Mwendo wa drili usiwe wa juu. Kwa biti ya mm 6 hadi 10, mizunguko 800 hadi 1,200 kwa dakika inatosha. Kwenye drili ya betri yenye gia mbili, hiyo ni gia ya pili na kidole kikibonyeza nusu au theluthi mbili. Mtengenezaji akiwa ameandika mwendo mwingine kwenye pakiti, fuata wake.

Maji, na mkono mwepesi

Almasi ni kaboni. Ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 700 penye hewa, huanza kuungua, na kabla ya hapo ile nikeli inayoishika inakuwa imeanza kuchoka. Nyuzi hizo kwenye mdomo mwembamba wa biti kavu hazichukui muda kufika. Maji yanafanya kazi mbili: yanapooza, na yanaosha unga kutoka kwenye mfereji ili almasi iguse kigae badala ya kusaga unga wake yenyewe.

Ukutani maji hayakai, kwa hiyo mtu wa pili mwenye chupa ya kunyunyizia ndiye kifaa bora kuliko vyote. Anyunyize mfululizo pale biti inapoingia. Ukiwa peke yako, finyanga udongo wa mfinyanzi au wa kuchezea watoto uwe kikombe kidogo chini ya alama, ukijaze maji, au toboa kitundu kwenye kifuniko cha chupa na ubane chupa kwa mkono wa pili. Sifongo iliyolowa chini ya tundu inakusanya tope na kurudisha unyevu kidogo, ila peke yake haitoshi.

Drili ya betri naisisitiza kwa sababu ya maji haya. Ukilazimika kutumia ya waya, iwe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme ukivuja, mnyunyizaji aelekeze maji kwenye biti tu, na usitoboe juu ya usawa wa kichwa ambapo maji yanarudi kwenye mashine.

Nguvu ya kusukuma ni ndogo kuliko unavyofikiri, karibu uzito wa drili yenyewe ukiiegemeza. Wakati biti inazunguka, itikise kidogo, kama unachora duara dogo sana kwa kitako cha drili. Hii inapanua mfereji kiasi cha kuingiza maji na inapunguza eneo linalosuguliwa kwa wakati mmoja. Kila baada ya sekunde kumi au kumi na tano, itoe biti nje ikiwa bado inazunguka, acha maji yaingie, rudi.

Liangalie tope linaloteremka. Likiwa jepesi kama maziwa ya maji, mambo yako sawa. Likiwa zito kama dawa ya meno, maji hayatoshi. Ukiona unga mkavu au ukasikia harufu ya kuungua, simama hapohapo uchovye biti kwenye maji. Kigae cha unene wa mm 9 au 10 kinaweza kuchukua dakika mbili hadi nne kwa tundu moja, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Rangi ya tope itakwambia umefika wapi. Linatoka na rangi ya mwili wa kigae, nyeupe au kijivu chepesi, halafu ghafla linageuka kijivu cha simenti. Hapo umeingia kwenye gundi. Milimita ya mwisho kabla ya hapo punguza nguvu karibu zote. Aliyekuwa anasukuma, biti ikipenya, drili nzima inaruka mbele na mdomo wake wa chuma unagonga uso wa kigae. Matundu mengi mazuri yameharibika katika nusu sekunde hiyo.

Kile kidonge cha katikati kitabaki ukutani au ndani ya biti. Cha ukutani kichokonoe kwa bisibisi nyembamba bila kuegemea ukingo wa tundu. Cha ndani ya biti kisukume kwa msumari kupitia tundu la ubavuni au la nyuma kama lipo. Kisipotolewa, tundu linalofuata halitasonga: kidonge kipya hakina pa kuingia, na utadhani biti imekufa.

Biti ikipunguza kasi kabla haijaisha, ioshe, kisha itoboe kidogo kwenye kipande cha tofali au jiwe la mchanga lililolowa. Unga ulioganda kati ya chembe unatoka na ukali unarudi. Ukipitisha kidole mdomoni (drili ikiwa imezimwa) na kukuta chuma laini kinachong'aa badala ya mkwaruzo wa msasa, almasi zimeisha na hakuna cha kunoa.

Ukuta nyuma ya kigae

Sasa badili biti. Ya almasi isiendelee kwenye zege au tofali, mchanga wa huko unaimaliza bure. Chukua biti ya zege ya mm 8, mpya, na hapa ndipo faida ya tundu la mm 10 inapoonekana: biti ya mm 8 inapita katikati bila kugusa kigae, hata ikiyumba kidogo. Toboa sentimita ya kwanza bila nyundo. Ukuta ukiwa wa zege gumu unaweza kuiwasha baada ya hapo, biti ikiwa wima na haigusi ukingo. Kwa bloku zenye uwazi au matofali laini usiiwashe kabisa, utavunja kuta za ndani na plagi itakosa pa kushika.

Kina cha tundu ndicho wengi wanachokosea, na kosa lake linaonekana miezi baadaye. Hesabu na mimi. Kigae mm 10, gundi mm 5, plasta mm 15. Hizo ni mm 30 kabla hujagusa tofali. Plagi ya mm 8 kwa kawaida ina urefu wa mm 40. Ukiiacha mdomo wake ukiwa sawa na uso wa kigae, ni mm 10 tu zilizo kwenye tofali, na zilizobaki zinatanuka ndani ya plasta na ndani ya kigae chenyewe. Skrubu inapoingia, plagi inatanuka kama kabari na kigae kinapata ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye tundu kwenda kwenye ukingo ulio karibu. Watu husema kigae kilikuwa kibovu.

Kwa hiyo plagi nzima iende nyuma ya kigae, na ikiwezekana nyuma ya plasta. Kwa hesabu ile, tundu liwe la mm 80: mm 30 za juu, mm 40 za plagi na mm 10 za vumbi linalobaki. Skrubu ya mm 5 iwe na urefu wa unene wa kitako, tuseme mm 3, ukijumlisha mm 30, mm 40 na mm 5 za kutokeza nyuma. Inakuja mm 78, nunua ya mm 80. Kuisukuma plagi ndani, zungusha skrubu mizunguko miwili kwenye mdomo wake, gonga kwa wepesi mpaka iketi kwenye tofali, kisha toa skrubu. Unene wa plasta wako utaujua kwa vumbi la biti: linabadilika rangi ikifika kwenye tofali.

Ukuta ukiwa wa ubao wa jipsamu, plagi ya kawaida haifai. Tafuta zile zenye mabawa yanayofunguka nyuma ya ubao, au afadhali zaidi kaza skrubu kwenye mhimili wa mbao au chuma ulio ndani. Reli ya taulo watoto huishika kujivutia, kwa hiyo usikadirie uzito wa taulo peke yake. Kwa bloku zenye uwazi kuna soksi za wavu zinazojazwa gundi ya kemikali, nazo hushika vizuri.

Kabla ya kufunga, puliza vumbi kwa pampu ndogo, si kwa mdomo, macho yako yako mbele ya tundu hilo. Kama ni eneo la shawa, kumbuka umetoboa pia tabaka la kuzuia maji lililo nyuma ya vigae. Jaza silikoni ya bafuni ndani ya tundu kabla ya plagi, na nyingine kidogo kuzunguka skrubu kabla kitako hakijakaa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kaza kwa bisibisi ya mkono, kitako kikigusa kigae zungusha robo tu na uache. Penye kitako cha chuma weka wasa nyembamba ya mpira au plastiki, chuma kisibonyeze kigae katika nukta moja.

Tundu la mm 35

Hilo lifanye kabla ya kubandika, utafurahi. Laza kigae, uso juu, kwenye ubao bapa au sponji ngumu iliyolowa, ndani ya trei yenye maji ya kina kidogo. Kisielee na kisiwe na kona inayoning'inia. Toboa kutoka usoni, ili kumeguka kokote kwa kupenya kutokee mgongoni.

Mwendo hapa ushushe. Mdomo wa biti ya mm 10 ukizunguka mara 1,000 kwa dakika husafiri kama mita 31 kwa dakika. Wa mm 35 kwa mizunguko hiyohiyo husafiri mita 110, na joto linapanda vivyo hivyo. Tumia gia ya kwanza, mizunguko 400 hivi. Kuanza kwa kulalisha drili ni kugumu kwa biti pana, kwa hiyo hapa plaiwudi yenye tundu la mm 35 si hiari. Ibane na kigae kwa vibano viwili vyenye vipande vya mpira, usivikaze kupita kiasi.

Ukipima na kukuta tundu linaangukia ukingoni, usijaribu kutoboa nusu duara kwa biti ya bomba, itarushwa. Pachonge kwa grinda yenye diski ya almasi. Na kama ni mkato wa pembe mraba, toboa kwanza tundu dogo la mm 6 au 8 kwenye kila kona ya ndani, halafu kata ukiishia kwenye matundu hayo. Kona kali ya ndani ndipo ufa huanzia, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kigae kubandikwa.

Tundu likitoka limepotoka milimita mbili, kwa bomba tumia tupa ya almasi ya duara, iliyolowa, ukisukuma kutoka usoni kwenda mgongoni tu. Biti yenyewe haiwezi kurudi kulirekebisha kwa sababu haina cha kuishika katikati, isipokuwa uirudishie ile plaiwudi mahali papya.

Mambo mawili ya usafi. Tandika kitambaa kinene kwenye beseni au bafu kabla ya kuanza, maana chembe za poseleni zinazoanguka na tope zinakwaruza akriliki na rangi. Na futa ukuta tope likiwa bichi, hasa kwenye mistari ya grauti, likikauka linaacha wingu jeupe linalochukua msasa wa sifongo na uvumilivu kulitoa. Miwani ya kinga uivae tangu mwanzo. Barakoa ya vumbi ni lazima utakapofika kwenye hatua ya biti ya zege, kwa kuwa hapo unafanya kazi kavu.